Kalamu ya Luka: Mhadhara kuhusu Mwandishi wa Injili ya Tatu



Waulize waumini wa kanisa lolote ni nani aliyeandika sehemu kubwa zaidi ya Agano Jipya, na wengi watakujibu: Paulo. Jibu hilo linaeleweka, maana nyaraka zinazobeba jina lake ni 13. Lakini ukihesabu maneno badala ya vitabu, Paulo anapitwa. Mtu tunayemwita Luka aliandika vitabu viwili tu, Injili yenye sura 24 na Matendo ya Mitume yenye sura 28, na viwili hivyo ni zaidi ya robo ya Agano Jipya lote. Hadithi zake tunazijua kwa moyo: Msamaria mwema, mwana mpotevu, Zakayo juu ya mkuyu, wachungaji waliokesha na makundi yao kondeni. Mwenyewe hatumjui. Na kwa kuwa hatumjui, tumemvika koti la daktari tukaridhika.

Leo naomba tumvue koti hilo kwa muda, tumtazame akiwa ameshika kalamu. Hospitali na zahanati zenye jina lake zibaki nalo, sina neno. Ninachodai ni kwamba tukitaka kujua Luka alikuwa mtu wa namna gani, alisoma nini na alimwandikia nani, shahidi wetu bora ni Kigiriki chake. Mapokeo yametuachia machache. Maandishi yake yametuachia mengi, na hatujayauliza vya kutosha.

Mapokeo nitayapita upesi. Injili ya tatu haitaji jina la aliyeiandika, kama zisivyotaja nyingine tatu. Jina la Luka linatokea mara tatu katika Agano Jipya, zote katika nyaraka: Wakolosai 4:14, anapoitwa tabibu, Filemoni mstari wa 24, katika orodha ya watenda kazi pamoja na Paulo, na 2 Timotheo 4:11, ambapo yeye peke yake amebaki na mtume. Mnamo mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, anasema waziwazi kwamba mwandamani huyo wa Paulo ndiye mwenye Injili ya tatu. Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya nne, anasema alitoka Antiokia ya Syria. Dibaji moja ya kale inaongeza kuwa hakuoa, hakuzaa, na alifia Boeotia akiwa na miaka 84. Vizazi vya baadaye vikamfanya mchoraji wa picha ya Bikira Maria, na ndiyo sababu chama cha wachoraji wa Antwerp kilijiita kwa jina lake. Hata sayansi imeingia: mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya jino la mwili unaohifadhiwa Padua, Italia, kuwa ni wa Luka. Vinasaba hivyo vilielekea Syria zaidi kuliko Ugiriki, jambo linalopatana na habari ya Antiokia. Lakini jino la maiti halitaji jina la mwenyewe.

Je, alikuwa Myahudi au mtu wa Mataifa? Waraka kwa Wakolosai unawataja kwanza wenzake Paulo waliotahiriwa, kisha wengine, na Luka yumo katika hao wengine. Kwa hiyo wengi humhesabu kuwa mtu wa Mataifa. Mimi naona sifa moja zaidi lazima iongezwe: mtu huyu aliyajua Maandiko ya Kiyahudi kwa Kigiriki kama mtoto anavyojua uani kwao. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa kusoma ukubwani mara moja. Katika Matendo anawazungumzia mara kwa mara watu wa Mataifa waliomcha Mungu wa Israeli na kuhudhuria sinagogi bila kutahiriwa. Kornelio wa Kaisaria ni mmoja wao. Sitashangaa ikiwa Luka alitoka katika safu yao.

Sasa tuje kwenye udaktari. Mwaka 1882, huko Dublin, William Kirk Hobart alichapisha kitabu kinene kilichoorodhesha mamia ya maneno ya Luka na Matendo ambayo yamo pia katika vitabu vya matabibu wa Kigiriki, hasa Hippocrates na Galen. Hoja yake ilikuwa rahisi: anayeandika hivi lazima awe daktari. Mwaka 1906 Adolf von Harnack, mwanahistoria mashuhuri wa Kanisa huko Ujerumani, akaipa hoja hiyo uzito wa jina lake, na mahubiri mengi yakajengwa juu yake. Ndipo alipotokea Mmarekani Henry Cadbury, mfuasi wa dhehebu la Quaker ambalo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri. Cadbury alifanya jambo ambalo Hobart hakulifanya. Aliyatafuta maneno hayohayo katika vitabu vya watu wasiokuwa madaktari, akayakuta: kwa Josephus mwanahistoria, kwa Plutarch, kwa Lucian mwenye kejeli, na katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale. Kumbe yalikuwa maneno ya kila msomi wa wakati ule. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1919 na 1920, na tangu hapo wanafunzi wa theolojia wana mzaha wao: Cadbury alipata udaktari wake kwa kumnyang'anya Luka wa kwake.

Mzaha ni mzuri, ila haumtendei haki. Cadbury hakusema Luka hakuwa tabibu. Alisema msamiati hauwezi kulithibitisha hilo. Wahubiri hupenda pia kuonyesha kwamba Marko anawasema vibaya matabibu waliomtaabisha yule mwanamke mwenye kutokwa damu na kummalizia mali yake, hali ikizidi kuharibika, na kwamba Luka, akisimulia kisa kilekile, anayaondoa maneno hayo makali ili kuwasitiri wenzake. Inawezekana. Lakini Luka anamfupisha Marko karibu kila ukurasa, hata pasipokuwa na daktari wa kusitiriwa.

Tuache hapo. Tufungue kitabu chenyewe.

Mistari minne ya kwanza ya Injili ya Luka ni sentensi moja ya Kigiriki, yenye maneno 42, iliyopimwa sawasawa. Nusu ya kwanza inasema wengine wamekwisha kujaribu kuandika masimulizi, kwa kufuata waliyopokea kutoka kwa mashahidi wa macho; nusu ya pili inasema mwandishi naye amechunguza mambo yote tangu mwanzo na ameona afadhali aandike kwa mpangilio, ili Theofilo awe na hakika ya aliyofundishwa. Angalieni kisichokuwemo. Mungu hatajwi. Yesu hatajwi. Mgiriki msomi wa Korintho au Efeso angeweza kuisoma sentensi hiyo asijue kwamba anashika kitabu cha dini. Ambacho angekijua mara moja ni kwamba mwandishi amesoma.

Dibaji za namna hii zilikuwa na desturi zake. Mwandishi humtaja kwa jina mtu anayemtunukia kitabu, huwataja waliomtangulia, husema njia aliyoifuata, kisha huingia kazini. Josephus alifanya hivyo katika kitabu chake cha kumjibu Apion, kilichogawanyika sehemu mbili na kutunukiwa mtu aitwaye Epaphroditus. Sehemu ya pili inafunguliwa kwa kumkumbusha msomaji yaliyosemwa katika ya kwanza. Matendo ya Mitume inafunguliwa vivyo hivyo, Theofilo akitajwa tena. Mwaka 1993 mtafiti wa Uingereza Loveday Alexander alionyesha kwamba dibaji ya Luka, kwa ufupi wake, inafanana zaidi na zile za vitabu vya ufundi, kama uhandisi, hisabati na tiba, kuliko dibaji ndefu za wanahistoria wakubwa. Nadhani ana haki. Na mkitaka kumrudisha tabibu kupitia mlango wa nyuma, mlango ni huo.

Kisha mstari wa tano unaanza, na lugha inageuka ghafla. Tunajikuta katika siku za Herode, kwa kuhani mzee na mkewe tasa, na Kigiriki kinachosimulia si kile cha dibaji. Sentensi zinafungwa kwa "na", "na", "na", mambo "yanatukia", malaika anatokea "na tazama". Hiki ni Kigiriki cha Septuaginta, yaani tafsiri ya Maandiko ya Kiyahudi iliyoanza kufanywa Alexandria, Misri, katika karne ya tatu KK. Ni kama mwandishi wa gazeti la leo aanze makala yake kwa Kiswahili cha ofisini, kisha aya ya pili aingie bila kuaga katika Kiswahili cha tenzi za kale za Pate na Lamu. Msomaji wa pwani angetega sikio papo hapo, akijua anaitwa katika ulimwengu mwingine.

Wapo waliodhani mgeuko huo ni wa bahati, kwamba Luka alipata maandishi ya Kiebrania au Kiaramu akayatafsiri kwa shida. Sikubaliani nao, kwa sababu moja. Rangi hiyo ya Kiebrania haitawanyiki ovyo katika vitabu vyake. Inafuata mahali na watu. Ni nzito hekaluni Yerusalemu, kwa Zakaria na Elisabeti, ambao uzee wao unamkumbusha msomaji Abrahamu na Sara, na kwa Maria, ambaye wimbo wake umejengwa juu ya wimbo wa Hana mama yake Samweli. Ni nzito pia katika sura za mwanzo za Matendo, Petro anapohubiri. Kadiri habari inavyosonga kuelekea Athene, Kaisaria na Rumi, rangi hiyo inapauka. Paulo anaposimama mbele ya mfalme Agripa katika sura ya 26, anasema Kigiriki cha watu wa mahakamani, na katika habari yake inatiwa hata methali ya mchokoo ambayo Euripides aliitumia katika tamthilia yake. Mtu anayetafsiri kwa shida hawezi kupanga hivyo. Huyu anachagua sauti ya kila mahali.

Nafasi nzuri kuliko zote ya kumwona Luka akiwa kazini tunaipata pale anapomshika Marko. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Injili ya Marko ilikuwa mezani pake, na kwamba aliingiza karibu nusu yake. Kwa hiyo tunaweza kuweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu na kuangalia mhariri anafuta nini.

Marko anapenda kusimulia yaliyopita kwa wakati uliopo, kama tunavyosimulia barazani: anakuja, anamwambia, anamshika mkono. Anafanya hivyo mara 150 hivi. Luka anaufuta wakati huo karibu wote. Marko anaacha maneno ya Kiaramu yasikike: yale aliyoambiwa binti Yairo, yale aliyoambiwa kiziwi, sala ya Gethsemane, kilio cha msalabani. Luka hana hata moja kati ya hayo. Golgotha kwake panaitwa tu mahali pa Fuvu. Hosana haisikiki siku ya kuingia Yerusalemu. Hakuna anayemwita Yesu Rabi. Badala yake anaongeza maelezo ambayo Mgalilaya asingeyahitaji, kwamba Kapernaumu ni mji wa Galilaya, kwamba Arimathaya ni mji wa Wayahudi. Na yale maji ya Galilaya ambayo Marko na Mathayo wanayaita bahari, Luka anayaita ziwa. Aliyekwisha kusafiri katika Mediterania haiti bahari kitu ambacho ng'ambo yake inaonekana kwa macho.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Katika Marko, marafiki zake wanaichimba dari. Ndivyo ilivyokuwa: nyumba za vijiji vya Galilaya ziliezekwa kwa boriti, matawi na udongo, na udongo huchimbwa. Katika Luka wanamshusha kupitia vigaeni. Paa la vigae ni paa la miji ya Kigiriki na Kirumi. Luka hakukusudia kupotosha. Alisimulia habari ile akiwa na nyumba za kwao machoni, na za wasomaji wake. Kwa neno moja hilo tumepata kujua kuwa ni mtu wa mjini, mbali na Galilaya, na hakuna mapokeo yaliyotuambia hivyo kwa uwazi huo.

Si kila alichokifanya mhariri huyu ni ushindi. Kuanzia 9:51 anamweka Yesu njiani kuelekea Yerusalemu, na safari hiyo inachukua karibu sura kumi. Ukijaribu kuifuata kwenye ramani utapotea: katika 17:11, baada ya mwendo mrefu, bado wako mpakani mwa Samaria na Galilaya. Nadhani ramani haikumshughulisha sana. Alikuwa na hazina kubwa ya mafundisho na hadithi ambazo Marko hakuwa nazo, akaitumia safari hiyo kuwa mahali pa kuzihifadhi. Na kwa hazina hiyo tumsamehe ramani.

Hadithi hizo zina alama ya kisanaa ambayo nashangaa haizungumzwi sana: watu wake hujisemesha. Tajiri mwenye ghala zilizojaa anaizungumzisha nafsi yake. Mwana mpotevu, akiwa na njaa kando ya nguruwe, anaitunga na kuikariri hotuba atakayomwambia baba yake. Na tunapofika nyumbani tunagundua baba hakumwacha aimalize. Wakili dhalimu anajiuliza afanye nini, kwa kuwa kulima hawezi na kuombaomba anaona aibu. Kadhi asiyemcha Mungu anakiri kimoyomoyo kwamba mjane huyu atamchosha. Kila mmoja anasimama mbele yetu, moyo wazi, akipiga hesabu. Na hii si bahati ya vyanzo vyake, maana katika mfano wa wakulima waovu, alioupokea kwa Marko, Luka anamwongezea mwenye shamba swali lilelile: nifanyeje? Marko hana swali hilo. Huyo ni mtunzi anayejua kwamba hadithi hugeuka ndani ya mtu kabla haijageuka nje.

Jicho lake la pili ni la fedha. Mara kwa mara hutaja kiasi: dinari mbili anazoachiwa mwenye nyumba ya wageni, shilingi moja iliyopotea kati ya kumi, nusu ya mali ya Zakayo na malipo mara nne kwa aliowadhulumu, vitabu vya uchawi vilivyochomwa Efeso vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Hapa lazima tumkumbuke Theofilo. Cheo anachompa katika dibaji, "mtukufu", ndicho kilekile ambacho katika Matendo wanapewa maliwali Feliki na Festo. Huenda basi alikuwa mtu mwenye nafasi, labda ndiye aliyegharimia kunakiliwa kwa kitabu. Na mtu huyo, akisoma hadi sura ya sita, anakuta heri kwa maskini, maskini hasa, si maskini wa roho kama katika Mathayo. Na mara baada yake anakuta ole kwa matajiri, ambayo Mathayo hana. Akiendelea, anamkuta Lazaro mlangoni pa tajiri. Kumwandikia mfadhili hivyo kunataka ujasiri, na kunataka pia adabu ya kalamu ili mfadhili asikitupe kitabu. Luka alikuwa na vyote viwili.

Adabu hiyo inaonekana katika jambo dogo ambalo sisi Waswahili tunalitambua haraka. Anapotaka kukuza jambo, mara nyingi analikanusha kinyume chake. Ghasia ya Efeso ni ghasia "si haba". Fadhaa ya askari baada ya Petro kutoroka gerezani si ndogo. Paulo, akimjibu jemadari, anasema ametoka mji usio duni. Yeyote aliyewahi kuulizwa hali akajibu "si haba" anajua namna hiyo ya kusema inavyobeba zaidi ya inachokitamka. Kwa Wagiriki ilikuwa alama ya mtu aliyelelewa vyema katika lugha.

Katika Matendo ufundi wa kubadili sauti unafika kileleni. Hotuba ni sehemu kubwa ya kitabu, na kila msemaji ana ulimi wake. Mbele ya Wayahudi wa Antiokia ya Pisidia, Paulo anapita katika historia ya Israeli. Mbele ya Waathene pale Areopago hanukuu nabii hata mmoja. Anamtumia mshairi wa Kigiriki, Aratus, mzaliwa wa Kilikia kama Paulo mwenyewe. Na Tertulo, wakili wa mashtaka katika sura ya 24, anamwaga sifa kwa liwali kwa mtindo wa shule za ufasaha, mpaka ukimsoma unahisi Luka anatabasamu. Je, hizi ni hotuba zilivyotamkwa? Wanahistoria wa kale hawakuwa na kinasa sauti, na Thucydides alikwisha kusema waziwazi kwamba humpa kila msemaji maneno yanayofaa hali yake, akishika kiini cha yaliyosemwa. Luka alifanya kazi katika desturi hiyo.

Kisha iko safari ya baharini, sura ya 27, ambayo ningemshauri kila mwana wa pwani aisome kwa sauti. Kuanzia sura ya 16, Paulo alipokuwa Troa, msimulizi ameanza hapa na pale kusema "sisi". Wako wanaoona hiyo kuwa mbinu ya kiuandishi tu. Kwangu maelezo mepesi ndiyo bora: msimulizi, au mtu ambaye daftari lake alilitumia, alikuwemo chomboni. Tazameni anavyosimulia. Wanahamia merikebu ya nafaka ya Alexandria huko Mira. Wanachelewa mpaka majira ya hatari, wanaondoka Bandari Nzuri ya Krete kinyume cha shauri la Paulo, na upepo wa kaskazini-mashariki unawashukia kutoka nchi kavu. Wanapandisha mashua kwa taabu, wanaikaza merikebu kwa kamba chini ya mbavu, wanatupa shehena. Usiku wa kumi na nne wanapima maji: pima 20, mbele kidogo pima 15. Wanatupa nanga nne tezini na kuomba kuche. Mabaharia wanajifanya wanaweka nanga za omo ili watoroke na mashua. Watu 276 wamo, na wote wanafika ufukweni Malta, wengine juu ya mbao.

Mskoti James Smith, mtu wa matanga, alichapisha mwaka 1848 kitabu kuhusu safari hii. Alikokotoa mwendo wa merikebu inayosukumwa na upepo ule kutoka kisiwa cha Kauda hadi Malta, akapata siku zinazokaribiana sana na zile 14 za Luka. Lakini hata katika habari yenye maarifa mengi ya chombo, mwandishi hasahau vitabu vyake. Merikebu inapopanda mwamba, anatumia neno la kale la merikebu ambalo halipo kwingine kokote katika Agano Jipya, pamoja na kitenzi chenye harufu ya Homer. Mawimbi yanapiga, naye anawakumbusha wasomaji wake Odysseus.

Mtaniuliza: basi tumwamini? Luka ana mitihani miwili, na matokeo yake hayafanani. Vyeo vya watawala anavijua ajabu. Wakuu wa Thesalonike anawaita kwa jina la cheo ambalo maandishi ya mawe ya mji huo yamelithibitisha. Galio anamweka kuwa liwali wa Akaya, na jiwe la Delphi linamweka huko mnamo mwaka 51 au 52. Lakini sensa ya Kirenio, ambayo ndiyo inayowapeleka Yusufu na Maria Bethlehemu, kwa habari za Josephus ilifanyika mwaka 6 BK, na Herode, ambaye Luka anasema alikuwa akitawala malaika alipomtokea Zakaria, wanahistoria wengi wanakiweka kifo chake mwaka 4 KK. Jitihada nyingi zimefanywa kupatanisha tarehe hizo, na hakuna iliyonishawishi. Halafu kuna Paulo mwenyewe. Matendo haitaji hata mara moja kwamba Paulo aliandika nyaraka, na safari zake za Yerusalemu hazilingani kwa urahisi na anavyozieleza mwenyewe kwa Wagalatia. Mwandamani wa safari anaweza kuwa hivyo, anayejua bandari zote asijue barua zote. Pia kitabu kiliandikwa baada ya miaka mingi. Wengi wanaviweka vitabu hivi kati ya mwaka 80 na 90, kwa kuwa anapoieleza Yerusalemu iliyozungukwa na majeshi anaelekea kuwa ameshasikia ilivyoangushwa mwaka 70.

Niseme neno moja kuhusu Afrika. Katika sura ya nane ya Matendo, msafiri anayesoma kitabu cha Isaya ndani ya gari lake ni mtunza hazina wa Kandake. Hilo ni jina la cheo cha malkia wa ufalme wa Kushi, uliokuwa na makao yake Meroe, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Luka alimweka mbele ya Kornelio katika mpangilio wake. Katika kitabu cha mwandishi anayepanga kila kitu, mahali hapo si pa bahati, na inafaa wahubiri wetu wakome kumpita mtu huyo mbiombio wakielekea Kaisaria.

Nimalizie kwa ombi. Luka aliandika kazi moja katika hati-kunjo mbili; hati-kunjo moja ya mafunjo haikuweza kubeba zaidi ya kitabu kimoja kati ya vile vyake. Kanisa lilipozikusanya Injili nne pamoja, kitabu chake cha kwanza kikaenda kukaa na ndugu zake, cha pili kikabaki peke yake, na katika Biblia zetu Yohana amesimama katikati. Nendeni nyumbani mkamruke Yohana kwa juma moja, atawasubiri. Anzeni Luka 1:1 na msiweke kitabu chini mpaka mfike Rumi, kwenye nyumba ya kupanga ambamo Paulo anakaa miaka miwili akiwapokea wote wanaomjia. Someni kwa sauti, ikiwezekana mkiwa wawili au watatu, kwa kuwa vitabu vya wakati ule viliandikwa visikike.